Swali la Mashine ya Tonton

Kabondo, Kisangani

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini barua hii inakukuta Butembo ukiwa mzima, na mgongo umeacha kukusumbua sokoni. Sisi tunaendelea, Mungu anasaidia. Isaïe anakula vizuri na anaanza kuota masharubu. Mimi nimechoka tu, kama kila mtu nyumbani.

Uliuliza kama mimi na Isaïe turudi huko, tusimlemee kaka yako, mjomba wetu. Nilikuwa nimeamua kukujibu ndiyo. Tonton Apollinaire anapima miti ya msitu wa Masako, na chuo kikuu kilikuwa kinangoja hesabu zake; asingezitoa, kazi ingepewa mwingine. Kila siku mashine yake ya kompyuta ilianza kuhesabu asubuhi, courant ya umeme ikakatika kabla haijamaliza, naye akaanza upya. Alikuwa hali chakula. Papy, mwanawe, alimtania kwamba miti yenyewe itaanguka kabla ya jibu. Hakucheka. Nikaona sisi ni mzigo.

Bon, nikasoma maelezo ya programu. Ndani yake mna maktaba ya hesabu inayogawa kazi kuwa nyuzi, na nyuzi zinakwenda pamoja. Lakini zisizidi bongo za mashine. Zikizidi zinasukumana na kungojana. Mashine yetu ina bongo mbili. Nikakuta mahali palipoandikwa kwa Kifaransa «nombre de fils», yaani idadi ya nyuzi, na tonton amejaza tatu. Nikaweka mbili. Jumamosi hesabu ziliisha kabla hatujala mchana. Tonton alizitazama, kisha akafunika uso kwa mikono. Chuo kimekwisha kuzipokea.

Nilipomuuliza kwa nini tatu, alishangaa. Alisema mashine ndiyo iliyotaka kujua ana wana wangapi, naye akaijibu. Mama, Kifaransa kinaandika nyuzi na wana wa kiume kwa herufi zile zile. Isaïe alicheka mpaka akakohoa. Lakini mimi nilihesabu: wavulana humu ni Papy na Isaïe tu. Nikauliza wa tatu ni nani. Tonton alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. Alisema mashine haikuwa na mahali pa mabinti, donc alinitia humo humo.

Kumbe kweli niliyeilemea mashine ni mimi. Mama, naomba tubaki.

Wasalimie nyumbani wote, na yeyote atakayeuliza habari zetu. Tonton anasema maharage ya Butembo ameyakumbuka.

Binti yako huko, mwana wa tatu hapa,
Benie