Mstari Niliouacha Wazi

Kamina, tarehe 6 Oktoba

Yaya wangu Mbiya, dada yangu mkubwa,

Salamu katika jina la Bwana. Magoti yanasemaje na mvua hizi za kwanza? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi hapa tunapumua, aksanti kwa Mungu. Mwili uko salama. Roho njo inauma, na sina mwingine wa kumwambia.

Unamkumbuka Phébé, mwenzangu wa kwaya. Mwezi wa tano alianguka na pikipiki, mguu ukavunjika. Dada zake wako Kabongo, hakuna aliyekuja. Miye njo nilimwogesha, nikampikia bukari na sombe, nikamwaga ndoo yake kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha. Miezi mitatu, yaya!

Alipoanza kutembea, akataka kutoa shukrani kanisani. Karatasi za shukrani hapa mtaani ni miye ninawaandikia watu. Akanitajia majina: pasta, daktari, wamama walioleta sabuni mara moja, hata mwenye pikipiki! Langu hakulitaja. Nikawaza, atalitaja mwenyewe mbele ya watu. Na mtu mzima atajiandikaje? Nikaacha mstari mmoja wazi chini, nikampa karatasi yake.

Siku ya Mungu, Papa Lazare, katibu wa kanisa, akaisoma. Kila jina, vigelegele. Akafika kwenye ule mstari, akamwuliza Phébé hapa ni nani. Nikatengeneza kitambaa changu kichwani, tayari kusimama. Phébé akajibu kwamba nafasi hiyo ni ya Mungu, maana matendo yake hayaandikiki. Ee mama! Kanisa zima haleluya. Na miye nikapiga makofi, meno nje.

Nikaacha kwenda kwake. Jana akanisimamisha sokoni, akauliza kwa nini nimepotea. Nikamwambia wazi kwamba amenisaliti. Akashangaa kweli. Akasema aksanti ni ya watu wa nje, ndugu hapewi aksanti, ndugu ni mkono wako mwenyewe. Hasira ikanipanda zaidi. Kwani mkono hauchoki?

Nikarudi nyumbani nikilia, na si kwa sababu ya Phébé peke yake. Yaya, siku ya diploma yangu, waliponimwagia poda ya pongezi kichwani, nilisoma karatasi ya shukrani mbele ya wageni. Nilishukuru walimu, mjomba, pasta, hata jirani aliyeniazima taa. Weye uliyeacha shule ukauza vitumbua ili miye nisome, ulikuwa nyuma ya nyumba unawakaangia wageni wale wale. Jina lako nilikuwa nimeliandika, la kwanza kabisa. Nikaliruka. Niliona haya wajue elimu yangu imetoka kwenye karai la mafuta.

Miaka kumi na tisa nimejidanganya kwamba hukusikia. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na weye usiyeunguza kitu, siku ile vitumbua vya mwisho viliungua.

Phébé sijamsamehe bado. Weye uliwezaje kuniletea sahani ya chakula siku ile ile, kwa mkono wako?

Nisalimie shemeji, ubusu watoto. Mungu akulindie magoti hayo.

Aksanti, yaya Mbiya.

Mdogo wako,
Mbelu