Alama ya Kumi na Mbili Ubaoni

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Zaituni,

Marahaba. Hapa mtaani Gerezani hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti ya king'ora. Unauliza kwa nini sitaki ubao wa zana kule uani upakwe rangi.

Miaka ile ya foleni za duka la ushirika, babu yako alifanyia useremala hapo uani, na kila siku tulitafuta nyundo ndani ya maranda. Nikamwambia, "Baba Salma, nimechoka kukanyaga misumari yako!" Akapigilia ubao ukutani. Kila chombo alichotundika, nikakizungushia mkaa ili kijue kwake.

Zana zilikuwa kumi na moja. Tulipomaliza, alama zilikuwa kumi na mbili. Ya mwisho ilikuwa ya patasi nyembamba, iliyomeguka pembe.

"Hii umechora wewe?" akaniuliza. Mimi nilidhani yeye.

Siku ya tatu mjane mmoja wa Jangwani alipiga hodi, ameleta patasi ya marehemu mumewe. Kwetu chombo cha fundi aliyekufa hakiuzwi, hupewa fundi mwingine. Babu yako akaitundika kwenye ile alama. Ikaenea, hata pale ilipomeguka.

Tangu hapo najua kuwa mahali huweza kukitangulia kitu chake.

Juzi nikipangusa vumbi nimekuta alama mpya. Ni ya miwani. Yangu bado nimeivaa, ndiyo ninayoandikia. Ukipata likizo, mke mwenzangu, njoo, usiseme mpaka mwakani.

Bibi yako,
Mama Salma