Baba, Nassor Alimpelekea Mbunge Tende

Baba yangu,

Kaka Nassor amekuja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiliuliza kila ulipofumbua macho: "Mtoto kafika?" Kafika, Baba. Yupo hapa nyumbani, mtaani kwetu Ruwais, anakula maandazi ya Mama kama vile hajalishwa tangu aende kusoma Uingereza. Mimi nimekuja kwa basi kutoka Riyadh na mwanangu Rahma. Anaota meno, njia nzima kalia. Nimechoka mpaka macho yanauma, lakini uchovu wa leo mtamu.

Ulipofariki, Nassor hakuja kukuzika. Mama alisema maneno makali, kwamba Uingereza imemla mwanawe. Nikamweleza: kibali chake cha kuishi kule kimekwama, akitoka tu hataruhusiwa kurudi kwa mkewe na watoto. Na hana wa kumuuliza. Ofisi ya serikali inamwambia kazi hiyo wameipa kampuni, kampuni inamwambia uamuzi ni wa serikali. Mama hakusadiki. "Wazungu wakose mtu wa kuulizwa? Mwongo huyo." Sisi hapa kafili, yule mwenyeji anayetudhamini kuishi, angalau unamjua sura. Hata akikutukana, umetukanwa na mtu.

Wewe ulikuwa ukilisikiliza bunge lao redioni, unacheka peke yako: "Njooni msikie, waziri mkuu anazomewa kama refa!" Lakini ukitupeleka kwa kafili, ulitufundisha kusifu kwanza, haja baadaye. Basi mwanao kayachukua mafunzo yako mpaka huko.

Kule mbunge ana siku yake ya kukaa na watu wa jimbo, kwenye chumba cha maktaba, yeyote anaingia. Nassor kavaa kanzu, kabeba boksi la tende, kaingia. Kamsifu yule bibi mbunge, kamwombea dua, yeye na wazee wake. Mbunge akamuuliza, "Nikusaidie nini?" Akajibu, "Haja yangu ni afya yako tu, madam."

Zamu ikaisha! Akatoka na tende zake, maana hata hizo hazikupokelewa. Mama aliposimuliwa jana alicheka mpaka akashika ukuta. "Wallahi, huyu mtoto wa baba'ke!"

Wifi ndiye aliyemrudisha. "Nenda mikono mitupu, useme. Yule tumemweka sisi kwa kura, na kwa kura atatoka." Akaenda, akasema. Mbunge akalipeleka bungeni, waziri akasimama kuulizwa kwa nini watu wanakwama na hakuna anayejibu. Kumbe Nassor hakuwa peke yake, walikuwa wengi. Sasa kazi ile imerudishwa serikalini, na kila faili lina afisa mwenye jina, anayepigiwa simu akapokea. Ndipo Nassor akapata kibali chake. Sisemi yote yamenyooka. Mwenyewe anasema wapo bado wanaosubiri. Lakini mkubwa aliulizwa, na akajibu. Natamani ungekisikia kikao hicho.

Jana baada ya chai Mama alimvuta Nassor, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani hukutaka." Nassor alilala mapajani mwake, mtu mzima na ndevu zake, mimi nikajifanya nambadilisha Rahma nepi.

Baba... uchungu wa kwamba hakukuwahi haujaondoka, wala sidhani utaondoka. Ila ule wa kudhani hakutaka, halas, umetoka nyumbani humu. Leo asubuhi Mama kaimba jikoni.

Pumzika sasa, Baba, Mungu akujaalie nuru. Rahma nitamfundisha adabu yako, asalimie, aheshimu wakubwa. Lakini siku akisimama mbele ya mkubwa na kuuliza, "Kwa nini?", sitamfinya wala sitamwambia nyamaza. Nitasimama naye mpaka ajibiwe.

Mwanao,
Zuwena