Wamenichukua Nikafundishe Kiingereza Oman

Alhamisi, katikati ya Julai 1993. Muthangari.

Baridi ya leo ni ile ya Julai inayoingia mpaka kwenye mifupa. Jua halijaonekana tangu Jumapili, na hapa chumbani nimevaa sweta mbili. Lakini moyoni nina joto, shajara yangu, joto la mtu aliyeshinda, na sioni haya kuliandika.

Nimepata kazi.

Nimepata kazi ya kufundisha Kiingereza.

Najua, mimi tayari ni mwalimu. Nina shahada ya ualimu, masomo yangu ni Kiingereza na Kiswahili, na Kiingereza ndicho nilichokifaulu zaidi chuoni. Shule ninayofundisha iko Lavington, ya watoto wanaoletwa kwa magari na kuchukuliwa kwa magari. Mwanzo wa mwaka huu mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia, kwa upole mwingi, kwamba wazazi wangependa watoto wao wasikie Kiingereza cha wenyewe. Basi madarasa yangu akapewa kijana mmoja kutoka Uingereza, miaka kumi na tisa, aliyekuja Kenya kupumzika kabla ya kuingia chuo kikuu. Hajui kuandaa somo. Hajawahi kusahihisha insha hata moja. Sifa yake ni kwamba alizaliwa kwao. Mimi nikabakishiwa Kiswahili, ambacho wale watoto wanakiona kama adhabu, na ushonaji.

Ushonaji! Mimi ambaye kifungo kikidondoka nafunga kwa pini.

Simchukii yule kijana. Ana adabu, na zaidi ya mara moja amekuja kuniuliza jinsi ya kufundisha insha, nami nikamweleza vizuri. Nikimaliza kumweleza huwa naenda chooni kulia kidogo. Hilo sijamwambia mtu.

Kwa hiyo Atieno, rafiki yangu tangu chuo, aliponiletea ukurasa wa gazeti wenye tangazo la walimu wa Kiingereza wanaotakiwa Oman, niliusoma mpaka nikaukariri. Walitaka shahada, si diploma. Walitaka miaka ya kufundisha inayoweza kuthibitishwa, cheti cha polisi kwamba huna makosa, kipimo cha daktari, na vyeti vyote vigongwe mihuri na wizara na ubalozi. Hakuna mahali palipoandikwa mtu awe amezaliwa wapi. Nilipitisha kidole juu ya kila mstari kuhakikisha.

Lakini Nairobi hatukosi wajuaji. Mtu mmoja alimwambia Atieno kwamba nchi za Kiislamu hazichukui Mkristo, kwamba ukifika pale lazima uwe na jina la Kiislamu na kitambaa kichwani. Atieno akaamua ataitwa Aisha. Mimi nilikwenda kumwuliza Mama Nasreen, mwenye nyumba wangu, maana yeye ni Mwislamu na babu yake alizaliwa hapa hapa Nairobi. Alicheka mpaka akaweka chini bakuli la unga.

"Wewe Wambui, enda na jina yako tu," akasema. "Vaa mikono mirefu, usipatie mtu kitu na mkono ya kushoto, basi. Hiyo ingine ni maneno ya watu."

Basi leo asubuhi nikaenda na jina langu.

Mahojiano yalikuwa katika hoteli moja karibu na Moi Avenue. Tulipangwa kwenye viti ukumbini, walimu wa kila aina, wengine Wazungu, kila mtu amekumbatia bahasha yake. Atieno alikuwa kulia kwangu na kitambaa chake cha Aisha. Kushoto alikaa mzee mmoja wa Kiarabu, kanzu nyeupe, kofia iliyotariziwa, shali mabegani kwa ajili ya baridi, anakunywa chai yake taratibu. Nilidhani amemsindikiza mtu.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga wa watu wa Nairobi. Sisi tunaamini Kiswahili ni chetu, tukikopesha kidogo kwa watu wa Mombasa, na kwamba Mwarabu ni Mwarabu, anajua Kiarabu. Na mimi ni mwalimu wa Kiswahili! Nimefundisha watoto wa watu historia ya lugha hii, nikataja Unguja, nikataja Oman, nikawapa na maswali ya kujibu. Lakini akili niliiacha darasani.

Atieno aliwatazama wale Wazungu akaninong'oneza, kwa mnong'ono wake unaosikika ng'ambo ya barabara, "Watachukua hawa tu, we ngoja uone. Sisi tumeitwa kujaza viti."

Na mimi nikafunguka. Sijui ilitoka wapi, nadhani ni machozi ya chooni yaliyogeuka maneno. "Si basi wangekuja Lavington wachukue yule boy wetu," nikasema. "Hana cheti hata moja, lakini ana pua ya Kiingereza. Mtu kama mimi hawaoni. Hata huyu mzee hapa akiniangalia anaona mtu wa kumuongezea chai."

Mzee akanywa chai yake. Hakutikisika hata kidogo. Baada ya muda mfupi akainuka na kikombe chake, akaingia ndani ya kile chumba cha mahojiano, nami bado sikuelewa.

Nilielewa jina langu lilipoitwa nikaingia. Walikuwa watatu mezani. Mkaguzi mmoja wa Kimisri mwenye miwani minene, kijana wa kuandika, na katikati yao, kwenye kiti kikubwa, yule mzee.

Nilikaa kwa sababu kiti kilikuwepo.

Mmisri ndiye aliyeanza, kwa Kiingereza. Aliinua shahada yangu akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akahesabu mihuri, akaridhika. Kisha akavua miwani akasema lile nililokuwa nalingoja tangu Januari: Kiingereza si lugha ya mama yako.

Nikamwambia ni kweli, si lugha ya mama yangu, na si lugha ya mama za hao watoto wa Oman pia. Nikamwambia najua mahali watakapokwama kwa sababu mimi mwenyewe nilikwama hapo hapo, na nakumbuka nilivyotoka. Aliyezaliwa nacho hana cha kukumbuka. Mmisri akavaa miwani yake.

Ndipo mzee akaweka kikombe chini. Akasema kwa Kiswahili, kile cha watu wa Unguja, laini, hakina haraka:

"Mwanangu, huyo kijana wa Lavington, hebu nieleze. Hiyo pua ya Kiingereza ikoje?"

Nilitaka sakafu ifunguke. Kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni, shajara yangu, mimi mtu wa Dagoretti ambaye siamkii hivyo hata mara moja kwa mwaka, kilikuwa "Shikamoo."

"Marahaba," akasema. "Umechelewa kidogo. Mimi nimezaliwa Unguja, nikasomea Unguja. Kiswahili ndicho alichonibembelezea mama yangu. Haya, sema."

Nilikuwa na nafasi ya kujidhalilisha, ningecheka-cheka niseme ulikuwa mzaha. Nusura nifanye hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mpole. Nikamwambia, "Samahani, mzee, kwa lile la chai. Hapo nilikosa adabu, na hukuwa umenikosea. Lakini ya Lavington siwezi kuyarudisha. Ni kweli tupu."

Akaegemea kiti. Kisha akasema, "Mimi sasa ni mtoto wa Sur, mji wa kwetu Oman. Nina miaka kumi, Kiingereza sijakisikia. Nifundishe."

Hapakuwa na ubao wala chaki. Mezani palikuwa na chai iliyoongezwa wakati ule ule, inatoa mvuke, na glasi ya maji. Nikachukua kikombe kwa mkono wa kulia, nikagusa, nikauvuta mkono haraka. "Hot," nikasema. Nikagusa glasi nikajikunyata. "Cold."

Mtoto wa Sur akageukia dirisha. Akachezea shali yake. Kisha akamwambia yule kijana wa kuandika jambo kwa Kiarabu, kijana akacheka, nami nikajua mtihani wenyewe ndio huu: huyu mwalimu atamfanya nini mtoto anayesema lugha ya kwao darasani?

Mimi nilipokuwa shule ya msingi, aliyesema Kikuyu alivalishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake amvishe. Nimekivaa kibao kile mara nyingi kuliko nilivyowahi kuvaa mkufu. Najua kinavyomfanya mtoto: anajifunza kunyamaza, na akinyamaza hamna tena cha kumfundisha. Mimi sitamvisha mtu kibao, hata cha maneno.

Nikasogea karibu. Nikainua glasi ya maji, nikamwashiria anipe neno lake. "Barid," akasema. Nikarudia, nikatabasamu, maana neno hilo tunalo nyumbani. Nikainua kikombe. "Harr," akasema. Nikajaribu nikakosea, sauti yake inatoka chini kooni, yangu ilitokea puani. Akanisahihisha. Nikakosea tena, Mmisri akacheka waziwazi. Na yule mtoto mtukutu akakaa wima kwenye kiti chake, kwa sababu sasa alikuwa na kitu ambacho mwalimu hana.

Hapo nikainua kikombe nikasema, "Hot."

"Hot," akajibu papo hapo.

Tukaenda hivyo. Maji, chai, mkono wangu wenye baridi, taa ya mezani yenye moto. Nikampa "the tea is hot", akairudia. Nilipoona dakika zimekwenda nikanyamaza, kungoja. Mzee akachukua kikombe chake, akaonja, akakunja uso.

"The tea is cold," akasema.

Ilikuwa imepoa kweli. Alikuwa ametunga sentensi yake mwenyewe, ya kweli, juu ya chai yake mwenyewe. Najua alikuwa anaigiza. Lakini niliposikia sentensi ile nilisahau kwamba naomba kazi. Nilipiga makofi kama ninavyompigia mtoto wa darasa la pili, na mzee akacheka mpaka shali ikamdondoka.

Atieno aliingia baada yangu. Ameniambia mwenyewe, huku akijipiga paja, kwamba aliulizwa jina akasema Aisha. Mzee akamwuliza, "Aisha binti nani?" Akashika kitambaa chake. "Basi toka nje, funga mlango," mzee akamwambia, "kisha ubishe tena ukiwa Atieno. Sisi tunatafuta walimu, waumini tunao." Akatoka, akabisha, akaingia. Wamempenda, ila vyeti vyake bado havina mihuri ya ubalozi, amepewa mpaka mwisho wa mwezi. Nitakwenda naye kila ofisi.

Mchana walitoka wakasoma majina. Langu lilikuwemo, na mbele yake kijana akasoma: mwalimu wa Kiingereza, sekondari. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Kutoka mjini nilikwenda moja kwa moja Dagoretti Corner, kwa mama, anakouza sufuria na masinia. Nilimwambia nimesimama, kabla hata ya kuingia dukani. Alinisikiliza akiwa ameshika sinia. Mama yangu si mtu wa kurukaruka.

"Waarabu wanataka ukawafundishe Kiingereza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwani Wazungu wameisha?"

"Hawajaisha. Tulikaa nao kwenye foleni moja."

Akaliweka lile sinia chini. Akafunga duka, na kulikuwa bado mchana na wateja barabarani, akanishika mkono akanipitisha kwa jirani mmoja mmoja, muuza nyama, fundi wa viatu, mama wa mandazi, akiwaambia wote maneno yale yale: huyu ni wangu, anakwenda ng'ambo kufundisha Kiingereza. Nilimwacha. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kisha aibu yenyewe ikaniacha.

Sasa niko hapa nimekaa na hofu zangu pia, nisiseme uongo. Sijawahi kupanda ndege. Sijui joto la Oman likoje, wala kama watoto wa huko watanipenda, wala nitamlilia nani siku nikikumbuka nyumbani. Mama atabaki peke yake. Hayo yote yapo, na leo nimeyaambia yangoje.

Asubuhi nitafika shuleni mapema, kabla ya kengele, nibishe mlango wa mwalimu mkuu nimwambie kwamba naondoka, na ninakokwenda, na ninachokwenda kufundisha.

Nitamwambia kwa Kiingereza.