Namba Moja, Matangazo Kumi na Moja

Kwako mdogo wangu, Kichwa Kigumu,

Huku hatujambo. Goti la mama lina nafuu. Jirani karudisha sufuria yetu ikiwa nyeusi tii, nimemnunia.

Simu hupokei, ndiyo maana nimempa shangazi barua hii akuwekee mkononi. Lile tangazo la kazi ya saluni ng'ambo, uliloniringishia, nimelitafuta kazini. Namba yake ya simu iko kwenye matangazo mengine kumi: hoteli, yaya, duka la nguo. Majina ya mabosi ni tofauti, lakini picha ni ya chumba kilekile chenye pazia la bluu. Wote wanataka uwakabidhi pasipoti kwanza, na wote wanasema usiwaambie ndugu mpaka ufike. Saluni gani hiyo inayoogopa ndugu?

Utaniuliza, "Dada, si wewe ndiye unayekagua matangazo kabla hayajatoka?" Ndiyo. Hilo lako nililipitisha mimi mwenyewe, wala sikulisoma mpaka mwisho. Nilikuwa nawahi chakula cha mchana.

Usiende Ijumaa. Rudi na shangazi. Nichukie ukipenda, lakini nichukie ukiwa hapa nyumbani.

Ni mimi dada yako, nisiyelala.