Kwa Nini Gari Langu Linashinda kwa Mama Hashimu

Masasi,
Jumapili asubuhi.

Mama Rehema, mke wangu,

Pokea salamu zangu kabla hujaichana barua hii. Hali yako vipi, na kile kikohozi cha mama kimepungua? Rehema anasoma, au ni mchezo tu? Huku mvua zimekwisha na mikorosho inatoa majani mapya. Mimi mwili mzima, ila roho haitulii hata kidogo. Nakaa, nainuka, natazama simu, nakaa tena.

Sababu ya kunyamaza kwako naijua. Ujumbe wako wa Jumatatu nimeusoma mpaka nimeukariri: "Hujambo, Baba Hashimu?" Basi. Tangu siku hiyo nikipiga hupokei, nikiandika hujibu. Nyumbani kwetu hatuna mtoto anayeitwa Hashimu. Kwa hiyo nimechukua karatasi, na barua nitampa kaka yako Shomari, huyo huyo aliyepita Newala na lori lake, akaliona gari langu mlangoni kwa mwanamke, akakufikishia habari Muheza ikiwa bado ya moto. Nitaibandika gundi mara mbili, maana shemeji yangu namjua.

Tafadhali nisikilize mpaka mwisho.

Gari hili unajua nilivyolitaka. Siku hizi kila mtu anaagiza gari alitakalo, nami nikaona kwamba fundi kama mimi, wa mashine za kupulizia mikorosho dawa, mtu wa kuzunguka Lukuledi, Nanganga mpaka Newala, atamalizwa na petroli. Nikanunua hili la umeme, la mtumba, kwa bwana mmoja wa Dar es Salaam aliyelisifia mpaka nikaona haya kuuliza maswali. Hakuniambia kwamba betri imezeeka. Wala hakuniambia kwamba litanifanya ombaomba wa umeme.

Hapa Masasi nilianza kulichaji kwa waya uliopita dirishani mwangu. Siku ya tatu soketi ikanuka, mwenye nyumba akaja mbio na taulo kiunoni. "Fundi, unataka kutuchoma?" Nikaenda gesti, wakasema sawa, mradi nilipie chumba nilale. Nanganga kuna fundi wa kuchomelea mageti, mtu mwema sana, lakini akichomelea yeye gari langu halipati kitu, na akinipisha mimi kazi yake inalala. Kituo cha mafuta nacho nilijaribu. Mhudumu aliniuliza kwa adabu kama ni dizeli au petroli, na nilipomjibu akaita wenzake waje kuona.

Siku ya kwanza kupanda nalo Newala, mlima ulilimaliza. Nilifika mjini linatambaa, nikasikia mashine ya kusaga inavuma mahali, nikajua hapo pana umeme wa nguvu. Nikapiga hodi. Mwenye mashine ni mjane, rika langu, wanamwita Mama Hashimu kwa jina la mwanawe wa kwanza anayefanya kazi Mtwara. Nilipomweleza shida yangu alicheka sana.

"Hee! Gari nalo linakula umeme? Lichomeke basi, tulione."

Nilipotaka kulipa akakataa. "Umeme nnao, baba. Maji ndiyo sina. Ukija tena niletee maji."

Maji kule ni shida ya siku zote. Basi kila nikipanda nabeba madumu sita kutoka Masasi. Maji ni mazito, yanamaliza betri. Betri ikiisha lazima nichaji zaidi, na nikichaji zaidi naona aibu nisipoongeza dumu. Kamba hiyo nimejifunga mwenyewe.

Na kuchaji si jambo la dakika kumi, ni nusu ya siku nzima. Huku mgeni haachwi akae garini. Utapewa kiti, utaletewa ming'oko, vile viazi vya porini, imechemshwa kwa chumvi na pilipili, na utakula. Nikawa natengeneza mashine za wakulima pale pale kwenye kibanda chake cha kusagia, nao wakajua pa kunipata. Hivyo gari linashinda kwa Mama Hashimu toka asubuhi mpaka alasiri, pengine mara tatu kwa wiki. Mtu anayepita na lori ataona nini? Shomari simlaumu.

Jina lilitoka kwa wanawake wanaosubiri unga. Kuna Bi Asumini, mtu wa utani, siku moja akapaza sauti: "Baba Hashimu, gari limeshiba?" Wote wakaangua kicheko. Mama Hashimu akajifunika mdomo kwa kanga. Ingenitosha kusema mimi ni Baba Rehema, maneno matatu manne tu. Nilikuwa nimeinamia kazi, nikajibu, "Naam, Bi Asumini?" Ndivyo nilivyoitika. Wiki iliyofuata hata wateja wangu waliniita hivyo.

Ningeweza kuishia hapa, ukasema mume wangu ni mjinga tu, ukanisamehe. Lakini barua hii nimeianza mara tatu na kuichana, kwa sababu kuna jambo nilikuwa nalikwepa.

Jumamosi, siku mbili kabla ya ujumbe wako, nilikuwa kule tangu asubuhi mapema. Alasiri Mama Hashimu akaniuliza kama naondoka. Nikamwambia betri haijajaa. Ilikuwa imejaa tangu saa nane. Nikakaa mpaka jua likainama, tunazungumza habari za marehemu mumewe na za shamba lake. Hakuna lililotokea, naapa mbele ya Mungu. Nilikuwa na furaha tu. Miaka miwili sasa nakula peke yangu, mara nyingi nimesimama, na siku ile mtu aliniuliza kama chumvi inatosha. Nilipokuwa nashuka mlima niliogopa. Ujumbe wako ulinikuta katika hofu hiyo, ndiyo maana umenichoma hivi.

Tangu hapo sijapanda Newala. Mashine nne za watu ziko kibandani kwake na msimu wa kupulizia haungoji, kwa hiyo kwenda lazima niende. Nataka twende wote. Shule zikifungwa, njoo, hata kwa wiki moja. Nitakupokea stendi, tutapanda pamoja, utashuka garini mbele yao wote, nami nitawaambia kwa mdomo wangu wewe ni nani. Ukiona huwezi, sema, nifunge kazi nirudi Muheza. Nitukane ukitaka. Usininyamazie.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Msalimie mjomba Kassimu, fundi wetu wa cherehani, na dada yangu Mwanaidi anayekusaidia na mtoto, mwambie nimesikia na yeye amenikasirikia, na ana haki. Rehema mwambie baba yake anakuja, au mama yake anakwenda kwa baba. Moja kati ya hayo lazima liwe kweli kabla ya mwezi huu kwisha.

Mumeo asiyepata usingizi,
Athumani