Fereti Aliyedhaniwa Ameshiba

Mpendwa Bi Thelma,

Naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa barua pepe ya haraka, maana naandika nimesimama jikoni huku jicho langu moja liko dirishani likitazama banda la mkwe wangu, na sijui nianzie wapi ila nianze na Tilly, ambaye ni fereti, yule mnyama mdogo mwembamba wa jamii ya kicheche anayefugwa kwa kuwinda sungura, jike la mwaka mmoja na miezi miwili, na tangu Jumamosi hajatia kitu mdomoni.

Mkwe wangu ni Clarrie Prowse, ana miaka sabini na tisa, na hapa Clunes ukisema mtu wa fereti umemsema yeye, alianza kuwinda nao sungura kabla hajaota ndevu na chama kizima cha wawindaji huja kumuuliza yeye kwanza. Mume wangu Ewan yuko machimboni Australia Magharibi, wiki mbili kule na wiki moja nyumbani, kwa hiyo hapa tupo wawili tu, mimi na mzee, na tunaelewana sana, lakini mambo ya banda lile mimi sina kauli, kwa sababu mimi ni mtu wa Geelong, na kila nikifungua mdomo Baba husema, “Mwanangu, nyinyi wa mjini mnafuga samaki kwenye glasi.”

Sasa Jumamosi Baba na wenzake walikwenda kuwinda kwenye shamba la kondoo la jirani, wakatega nyavu kwenye midomo ya mashimo kama kawaida na wakamwingiza Tilly ndani awafukuze sungura, na Tilly hakutoka kwa saa mbili, na alipotoka alikuwa anajikokota, Baba akacheka akasema mwizi huyu amemuua sungura huko chini akamla peke yake, na fereti aliyeshiba shimoni hulala siku nzima, hata siku mbili, na sheria ya nyumba hii ni kwamba fereti wa namna hiyo haamshwi wala halishwi mpaka aamke mwenyewe. Mimi nilimwangalia, Bi Thelma, na sikuona damu kwenye ndevu zake wala unyoya mmoja wa sungura, lakini nilinyamaza.

Jana Jumapili alikuwa amejilaza kama soksi iliyolowa, anasaga meno, anajikwaruza mdomo kwa kucha kana kwamba kuna kitu kimemkwama, udenda unamtoka, na choo chake kilikuwa chembamba kama uzi, halafu kikakoma kabisa. Nikamwambia Baba, akasema ni mifupa ya sungura inapita, akampa kijiko cha mafuta ya zeituni. Nikampigia Ewan, naye akaniambia nimwache baba yake, anajua anachofanya.

Sasa nije kwenye lile linalonichoma. Mwezi wa tano Baba alianguka kwenye ngazi ya nyuma, nikamnunulia mkongojo, na alichukia mkongojo ule, hataki rafiki zake wauone, kwa hiyo anautumia njiani tu na akifika bandani anauegemeza kwenye kona, karibu na tundu la fereti. Jana mchana nilikwenda kuufuta matope nikakuta kile kiatu cha mpira kinachovishwa ncha ya chini ili usiteleze kimetafunwa, nusu nzima haipo, na alama za meno ni ndogo ndogo, nikaelewa palepale, na bado nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nikisema, atasema mkongojo niliomnunulia mimi ndio uliomuua Tilly, au vibaya zaidi, hatasema kitu, atajua kwamba yeye ndiye aliyeuweka pale, na tangu aanguke amekuwa mtu wa kukaa kimya sana.

Leo asubuhi miguu ya nyuma ya Tilly inayumba. Baba amesema tumpe mpaka kesho. Je, nimchukue kwa siri nimpeleke kwa daktari wa wanyama Ballarat na kumvunjia mzee heshima katika jambo lake moja lililobaki, au nimwamini mtu ambaye amefuga fereti tangu kabla sijazaliwa? Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe mtu pekee ninayemfahamu ambaye hamjui Clarrie.

Janine Prowse, Clunes


Mpendwa Janine,

Wasomaji wa ukurasa huu wanajua kwamba barua zinazofika Jumatatu hujibiwa Alhamisi, gazeti linapotoka. Yako niliisoma saa tatu kasoro robo asubuhi, na kabla ya kuimaliza nilikuwa nimeshika simu. Umshukuru mpwa wangu aliyenifundisha kutafuta namba za watu, na unisamehe kwa ukali wangu siku ile. Nilikuuliza kwa nini ulimwandikia mwalimu mstaafu wakati gari lako lilikuwa uani lina mafuta, nawe ukalia, na mimi nikajuta. Swali lenyewe bado naliona la haki, ila ningeweza kuliuliza baada ya Tilly kufika Ballarat.

Nataka nieleze kwa ajili ya wengine, maana najua matundu ya fereti ni mengi kutoka hapa mpaka mji wa Ararat. Mnivumilie, nilifundisha baiolojia miaka thelathini na mmoja na ugonjwa huo hauponi.

Utumbo wa fereti ni mwembamba kuliko penseli, na ni mfupi. Chakula huingia na kutoka kwa saa tatu au nne. Ndiyo maana mnyama huyu hula kidogo kidogo mchana kutwa, na ndiyo maana siku moja bila chakula kwake ni nzito kuliko siku kadhaa kwetu. Fereti wachanga hupenda mpira kama watoto wanavyopenda peremende: soli za ndala, vitufe vya rimoti, vizibo vya masikio, na sasa tumejifunza, viatu vya mikongojo. Mpira hauyeyuki tumboni. Unakwenda mpaka mahali unapokaza, na hapo unaziba kama kizibo cha chupa, na utumbo uliozibwa huanza kufa kwa kukosa damu. Kusaga meno ni maumivu. Kujikwaruza mdomo na kutokwa udenda ni kichefuchefu. Miguu ya nyuma ikiyumba, mwili umeishiwa nguvu. Mtu akiona mambo hayo na choo hakuna, asisubiri kesho, asibonyeze tumbo, wala asimimine mafuta. Mafuta husaidia manyoya yaliyokusanyika kidogo. Hayasukumi kipande cha mpira, na mnyama dhaifu anaweza kuyavuta yakaingia mapafuni. Mfunike apate joto, na twende.

Sasa kuhusu mkwe wako. Ulidhani una njia mbili, kumwibia Clarrie fereti wake au kumtii. Nilikuambia kwenye simu kuna ya tatu, nayo ni fupi: nenda bandani, umwambie ulichoona, kisha washa gari. Ukaniomba nikupe maneno. Nilikataa, kwa sababu maneno yangu mdomoni mwako angeyatambua mara moja.

Ulinisimulia baadaye jinsi ilivyokuwa, nami nayaandika kwa ruhusa yenu nyote wawili. Ulimkuta ameketi kwenye ndoo, amemweka Tilly ndani ya kofia yake ya sufu.

“Baba, hajashiba,” ulimwambia. “Amemeza mpira wa mkongojo wako.”

Alivuta ukingo wa kofia akamfunika Tilly. Halafu akauliza, “Umejua tangu lini?”

“Tangu jana.”

“Na jana mimi nilikuwa nakwambia nini?”

“Kwamba mimi ni mtu wa samaki kwenye glasi.”

Akainuka. Akasema, “Endesha wewe, mimi nitamshika,” na akaenda Ballarat na ndala za ndani miguuni.

Daktari alimpasua saa sita na nusu. Kipande kilikuwa kikubwa kama punje ya haragwe, na utumbo pale kilipokwama ulikuwa umegeuka zambarau, lakini ulikuwa hai. Daktari alisema mngengoja mpaka kesho yake, Tilly angezikwa kesho hiyohiyo. Leo Jumatano ninapoandika, Tilly amerudi nyumbani akiwa na nyuzi saba tumboni, na hatari bado haijaisha, kwa hiyo nisikilize.

Uji wa nyama uliosagwa laini, vuguvugu, kidogo kidogo kila baada ya saa nne, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uingie pembeni mwa mdomo na si moja kwa moja kooni. Asiwinde mpaka daktari aseme. Tundu liwe na vitambaa tu. Akikataa kula mara mbili mfululizo, au akianza tena kusaga meno, usinitumie barua. Na zunguka nyumba kwa magoti, ndiyo, kwa magoti, uone kilicho cha mpira katika kimo cha fereti. Mkongojo ule uvishwe kiatu kipya, utundikwe kwenye msumari juu ya mlango. Asipotaka kuutundika, utundike wewe.

Ulinyamaza siku moja kwa sababu ulimpenda mzee ukataka asiumie. Naielewa huruma hiyo, na sitakuchapa nayo zaidi ya hapa: ilikuwa huruma iliyokuwa inamgharimu mtu mwingine, naye ana uzito wa mkate mmoja. Wakati mwingine utakapoona kitu kwa macho yako, sema siku hiyohiyo. Ewan naye, akiwa machimboni, ajifunze kuuliza “umeona nini” kabla ya kusema “mwache Baba.”

Jana Clarrie alinipigia simu mwenyewe. Hakutaka kuzungumzia upasuaji. Alitaka kuniuliza jambo moja tu. “Bibi,” alisema, “kwa miaka yote hii wengine walilala hivyo hivyo wasiamke. Nilikuwa nasema walishiba kupita kiasi. Ni wangapi niliowazika hivyo?”

Sikumpa hesabu, kwa sababu sina, na yeye hana. Nilimwambia kweli: fereti aliyekula shimoni hulala, na mara tisa katika kumi alikuwa sahihi, na ndiyo maana ile ya kumi ilimponyoka kwa urahisi. Angekuwa mtu wa kubahatisha tu, angekuwa na wasiwasi, na mwenye wasiwasi hutazama mara mbili. Alinishukuru kwa adabu na akakata simu, na sidhani nilimfariji.

Kwa hiyo, Janine, kazi yako ya mwisho ni hii, na ni ngumu kuliko bomba la sindano. Kesho Alhamisi, gazeti hili likitoka, chama cha wawindaji kinakutana nyuma ya hoteli. Nasikia Clarrie amesema hatakwenda. Mpeleke. Mwombe asimame awaeleze usingizi wa shibe unavyoonekana, na usio wa shibe unavyoonekana, damu kwenye ndevu, choo, meno, yote, na aseme alikosea wapi. Mimi nikiandika haya, wale wazee watasema ni mwalimu tu, anapenda kueleza. Akiyasema Clarrie Prowse, wataondoka bia zikiwa nusu, na kila mmoja atakwenda kufungua tundu lake na kutazama.

Thelma Oxley